Kisanduku cha Mengineyo

Jumatano Ibra ni soko la wanawake,
na wakishanunua udi na wanja
huja kwetu kupima sukari.
Mimi ndiye wa mafaili. Nahamisha karatasi ziingie kwenye kompyuta:
miaka arubaini ya kikohozi, mimba, mifupa, macho,
kurasa zenye duara za vikombe vya kahawa
na vumbi linaloniamshia pumu,
ambayo nayo imo humo humo, faili langu mwenyewe.

Kompyuta haina haraka wala haya.
Inauliza: tarehe ya kuzaliwa?
Bi Shinuna binti Mbarak anacheka mpaka leso inamteleza.
"Mwaka ule karafuu zilipovunja matawi, Wete.
Mama alikuwa juu ya ngazi."
Naandika: tarehe mosi, Januari.
Nusu ya wazee wa mji huu wamezaliwa siku hiyo.
Ingekuwa kweli, wakunga wangekufa kwa uchovu
tarehe mbili.

Watoto wangapi?
"Saba."
Walio hai?
"Nimekwambia saba."
Chini ya meza nahesabu kwa vidole ninaowajua: sita.
Skrini inametameta, inangoja tarakimu.
Ndipo anavuta kiti, ananong'ona
kama anayenipa siri ya pishi la halua:
Suleim. Surua.
Meno mawili, la tatu likichungulia.

Hakuna kitufe cha Suleim.
Kipo kisanduku chini kabisa, Mengineyo,
kinachomeza herufi mia mbili na hamsini
kisha kinafumba mdomo.
Nikamtia humo, kwa Kiarabu,
sini, lamu, ye, mimu,
bila irabu, kama tuandikavyo wenye haraka.

Faili lake la karatasi nilikuwa sijalimaliza.
Pembezoni, kwa penseli iliyofifia,
daktari Msudani aliyehama kabla sijaajiriwa
alikuwa ameacha mistari miwili:
penisilini, alivimba koo,
nusura tumpoteze.
Mashine ya kunakili ilipita juu yake bila kuiona.
Nikaichapa kwa mkono. Ikawa utepe mwekundu
juu ya jina lake.

Mwezi wa Rajabu, yuko kwa bintiye Maskati,
homa ya mapafu ikamwangusha.
Mimi nilikuwa nimelala.
Asubuhi nikaona kwenye orodha:
faili limefunguliwa saa tisa na dakika kumi na mbili usiku,
na mtu asiye na jina, namba tu,
likakaa wazi dakika kumi na moja.
Utepe mwekundu unasomwa kwa kupepesa jicho.
Dakika zilizobaki alikuwa anasoma nini?

Wiki ya tatu akarudi, kakonda,
ana kopo la tende na malalamiko.
"Madaktari wa siku hizi hawakutazami.
Aliitazama kompyuta, akaitazama, akaitazama,
nikasema, huyu kapata mchumba humo.
Kisha akanigeukia:
mama, huyu Salim alikuwa nani?"
Akafyonza.
"Salim! Kijana mzuri, mikono baridi,
dawa kaibadilisha, Mungu ampe umri,
lakini mwanangu kumwita Salim?
Nikamsahihisha, na mpira wa hewa puani."

Nikafungua faili, nikashuka hadi chini.
Kisanduku kilikuwa na nafasi ya herufi tisa.
Nilihitaji moja, tena si herufi:
dhuma, mkia mdogo juu ya sini.
Akavaa miwani. Akasogea.
Akasoma kwa kidole, polepole, kama mtoto wa chuoni,
na kidole kilikuwa na utomvu wa tende.

Alama ile ingali pale, upande wa kushoto, chini.
Watu wa usafi nimewakataza.

Anayefuata, nikaita.
Akaingia mzee na mkongojo wake.
Tarehe mosi, Januari.